Kasoro Saba za Gari la Bwana Iddi

Jumanne, 9 Septemba 2025

Leo nimeanza kazi mpya, na daftari jipya. Kwa kweli si jipya. Ni daftari la wageni la ile hoteli ya Diani ambako nilikaa mapokezi miaka kumi na tisa, mpaka walipoifunga ili waikarabati na wakasahau kuifungua. Kurasa za mbele zina majina ya Wajerumani. Za nyuma ni zangu mimi, Garama Mwero wa Msambweni, Mkaguzi Mkuu wa Magari Madogo Yaliyozeeka. Mkuu, kwa sababu mkaguzi mwingine sijamwona.

Elimu niliipata jana. Nilikwenda kwa wenye kompyuta pale stendi, wakanichapishia kurasa nne: makosa ya kuangalia kabla ya kununua gari dogo kuukuu. Makosa ishirini na saba. Nimeyahifadhi yote kichwani kama mtoto wa madrasa. Chini ya gari sijapata kuingia. Hilo halinisumbui. Daktari naye hajapata kuingia ndani ya ini.

Jumwa, mke wangu, ameondoka asubuhi kwenda Lunga Lunga kumtazama dada yake aliyejifungua. Ni mwalimu wa chekechea, na huniagiza kama mwalimu. Kuku walishwe mara mbili. Mlango wa jiko usiachwe wazi. Mabati thelathini yaliyoegemea nyuma ya nyumba yasiguswe, kwani fundi wa paa la jiko anakuja Jumamosi ya tarehe ishirini, kabla mvua za vuli hazijaanza. Mabati hayo ameyanunua mwenyewe, mawili matatu kila mwisho wa mwezi, mwaka mzima. Atarudi Alhamisi ya wiki ijayo.

Mteja wa kwanza nimempata. Bi Twaiba, mjane wa Gazi. Anapika mikate ya sinia na kuipeleka Diani kwa bodaboda, na nusu hufika imekuwa makombo. Anataka gari dogo. Nilimkuta sokoni nikamweleza kazi yangu. Akasema alikuwa amefikiria kumchukua Fundi Kaingu wa Ukunda.

Nimeshtuka. Kaingu hana hata kadi yenye jina lake. Hukagua gari saa mbili nzima bila kusema neno, amelala juu ya gunia. Mteja atajuaje kwamba anajua? Nilimtajia Bi Twaiba makosa kumi na moja papo hapo, mbele ya muuza nazi. Akabaki mdomo wazi. Kesho tunakwenda Kwale.

Jumatano, 10 Septemba

Mwenye gari ni Bwana Iddi, karani wa mahakama aliyestaafu, mtu wa kanzu safi na sauti ya chini. Tulimwamkia, akatukaribisha kahawa. Kisha akavuta turubai.

Sikuwa tayari. Gari dogo, jeupe kama tui la kwanza, limepigwa nta mpaka niliuona uso wangu. Vitambaa vya viti vina maua ya alizeti. Nikajiona ndani, kiwiko nje ya dirisha, nikipita mbele ya ile hoteli polepole. Gari hili si la kubebea mikate. Gari hili ni langu.

Mpango ukanijia wote kwa pamoja. Nikiliponda, Bi Twaiba ataogopa. Akiogopa, bei itaanguka. Ikianguka, nitalinunua mimi.

Nikalizunguka mara moja, mikono nyuma. Boneti sikuifungua. Kuinama sikuinama, maana nilivaa suruali yangu nyeusi ya mapokezi. Nikaanza kuyatoa makosa kichwani, yale yanayotisha zaidi. Breki zimekufa. Injini inakula oili. Sakafu imeliwa na kutu ya chumvi. Gasketi ya hedi imekwenda. Gia ya tatu inaruka. Mita ya kilomita imerudishwa nyuma. Halafu nikashusha sauti: chesisi imeungwa, nusu ya mbele ni ya gari moja na nusu ya nyuma ni ya jingine.

Uongo mtupu, yote saba. Niliyasema kwa ile sauti ya kumwambia mgeni kwamba vyumba vinavyotazama bahari vimejaa.

Bwana Iddi aliketi kwenye kizingiti. Akaomba maji. Akanywa gilasi nzima, kisha akaniuliza polepole, "Nani kakwambia haya?"

"Gari lenyewe limeniambia," nikamjibu.

Alinitazama kwa muda mrefu. Hivyo ndivyo watu wanavyomtazama mtaalamu.

Tulipokuwa tukirudi, Bi Twaiba alinishika mkono. Akasema angempakia mama yake mzee ndani ya gari lile kila Ijumaa, na kwamba nimeokoa roho za watu. "Mwenyezi Mungu akulipe, Bwana Garama." Niliona haya, kwa umbali wa kama kutoka Kombani hadi Ukunda. Kisha akanipa mkate wa sinia mzima, na haya ikaniisha.

Anasema Fundi Kaingu anajua gari jingine, la buluu, atakwenda kulitazama. Pole yake.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimerudi Kwale peke yangu. Bwana Iddi alinipokea kama aliyenitarajia. Alisema tangu jana chakula hakimpiti kooni. Alisema alikuwa amekusudia kumweleza yule mama baadhi ya mambo, lakini si yote, na sasa nafsi inamsuta. Nikamwambia asijali, wengi hupotelewa na maneno mbele yangu.

Bei ilianguka kabla sijaigusa. Nikamweleza kwamba fedha taslimu kwa sasa sina. Akafikiri. Akasema anajenga banda la kuku na anatafuta mabati. Mangapi? Thelathini.

Thelathini kamili! Nilitazama juu, nikatazama chini. Mtu akipata ishara kama hiyo afanye nini?

Nimepiga hesabu njiani. Gari litaanza kazi kesho. Kufikia Jumatano litakuwa limelipia mabati mengine thelathini, yenye rangi pengine. Jumwa hatajua kitu ila kwamba mabati yamependeza.

Ijumaa, 12 Septemba

Mchanga bado uko kwenye kucha. Nisamehewe mwandiko.

Asubuhi jirani yangu Karisa alinipakilia mabati kwenye pikapu yake. Aliniuliza kama Mwalimu anajua. Nikamjibu kwamba mambo ya mume na mke yana adabu yake. Akaongeza sauti ya redio, ikaimba mpaka Kwale.

Bwana Iddi alikuwa ameandika karatasi. Karani ni karani. Juu aliandika kwamba mnunuzi amelikagua gari mwenyewe, akabaini kasoro zifuatazo na kuridhika nazo. Chini akaziorodhesha zote saba, kwa maneno yangu mwenyewe. Akaniomba nisome tena, nisije nikamlaumu. Nusura nicheke. Nikatia sahihi ile ya hoteli, yenye mkia mrefu. Karisa akatia ya shahidi. Bwana Iddi akanikumbatia, akasema hajapata kukutana na mtu mwema kama mimi. Alikuwa na machozi.

Nikaanza kushuka mlima. Kona ya kwanza ilikuwa nzuri, upepo, kiwiko dirishani. Kona ya pili nikakanyaga breki, na pedali ikaenda mpaka sakafuni kama mguu unaoingia matopeni. Nikakanyaga tena. Hakuna kitu. Nikatia gia ya tatu ili injini ilizuie gari. Ikaruka. Nikairudisha, ikaruka tena. Nikavuta breki ya mkono, ikaja yote mkononi pamoja na waya wake.

Nilipita mbuzi, nikapita mama mwenye kuni, nikapita watu waliotoka sala ya Ijumaa, wote wakisimama kunitazama kwa heshima kama msafara wa maziko. Karibu na Kombani mtu anajenga nyumba. Nikaingia kwenye lundo lake la mchanga mpaka taa za mbele zikafukiwa.

Nilikaa nimeshika usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Mwashi mmoja akaja dirishani. Aliniuliza kama mchanga nataka kuununua au napumzika tu.

Walinichimbua. Fundi wa bodaboda akatia maji ya breki na kuifunga waya, akanionya nisipite mwendo wa miguu. Nimefika Msambweni magharibi. Baiskeli zote zimenipita. Kuna mmoja amenisalimia mara mbili, akienda na akirudi.

Nimeitoa ile karatasi nikaisoma. Breki. Gia ya tatu. Nimetunga uongo mara saba, na mara mbili umekuwa kweli. Ni sadfa. Sadfa zipo.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeliwasha asubuhi. Moshi wa buluu umejaa uani, umeingia dirishani mwa Karisa, umetokea mlangoni. Mkewe ametoka akiniuliza kwa upole kama naunguza taka, na kama naweza kungoja aanue nguo. Nimepima oili. Kijiti kimetoka kikavu kama njiti ya kiberiti. Jana jioni nilijaza.

Nikakaa chini. Injini inakula oili. Nililisema.

Halafu, nikilisafisha, nimekuta karatasi imebandikwa ukingoni mwa mlango wa dereva. Tarehe ya kubadilisha oili, mwaka 2016, kilomita laki mbili na elfu kumi na mbili. Nikatazama mita. Elfu themanini na nne. Gari limetembea miaka tisa likirudi nyuma.

Nilipigwa na butwaa mpaka kuku wakaja kunidonoa viatu. Tangu jana sikuwa nimewalisha.

Lakini bahati haijaniacha. Jana usiku nilituma picha ya gari kwenye kundi la WhatsApp la Msambweni: gari la harusi, dogo lakini lenye heshima. Leo nimepigiwa simu na watu wa Ukunda. Bibi harusi wao, Biasha, anatolewa kesho, na gari walilokodi limeharibika. Waliulizia hali ya gari. Nikawaambia limekaguliwa na Mkaguzi Mkuu.

Nimenunua utepe na galoni ya oili.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika nikiwa nimeketi kando ya barabara ya Diani, nikingojea kuvutwa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Bibi harusi aliketi nyuma, maua ya alizeti kulia na kushoto, shangazi yake pembeni. Mbele aliketi rafiki wa bwana harusi, kijana wa Nairobi mwenye miwani myeusi. Nilikwenda polepole. Watu walidhani ni kwa ajili ya heshima.

Tulipopita njia panda ya Ukunda, Biasha akasema kwa sauti ya utulivu, "Ami, naiona barabara."

Nikamwambia naam, tumeshaingia barabara ya Diani.

"Sivyo, ami. Naiona hapa chini ya miguu yangu."

Kijana wa Nairobi akageuka kutazama. Akavua miwani. "Buda," akaniambia, "kwani hii gari haina floor?"

Nilisimamisha. Kusimama kwenyewe kulichukua muda. Zulia lilikuwa limefunika ubao wa plaiwudi, na ubao ulikuwa umefunika hewa. Mguu wa bibi harusi ulikuwa umepita hadi kwenye ugoko. Maskini binti wa watu alikuwa ameukunja juu ya lami ili usiburuzwe. Kiatu chake cha dhahabu kilibaki nyuma, njia panda, na tuktuk mbili zilikuwa zimeshakipita juu.

Shangazi alinitazama. Sijui kutazamwa vile kunaitwaje. Nilitamani anitukane.

Papo hapo mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Maji yalichemka yakamwagika, na injini ikazima kwa mlio wa mtu anayekata tamaa. Tulikuwa tumesimama juani, bibi harusi na kiatu kimoja, hina yake nzuri imeingia vumbi. Hakulia. Aliniuliza tu kama bado ni mbali. Nilimjibu kwamba si mbali, na nilitaka ardhi inimeze, tena pale ilikuwa karibu, kupitia tundu.

Gari dogo la buluu likasimama. Bi Twaiba. Mikate ya harusi alikuwa ameipika yeye. Gari lake jipya, lililokaguliwa na Kaingu, lilinguruma kidogo tu, kama paka. Akampakia Biasha mbele, akamweka sinia moja mapajani, akavua ndara zake mwenyewe akampa. Yeye akabaki peku.

Kisha akawageukia watu waliokusanyika, nikajua nimekwisha. Nilishtuka zaidi kwa alichokisema. Alisema, "Huyu Bwana Garama ndiye aliyeniokoa. Aliniambia gari hili ni bovu, akanitajia yote, hata sakafu alinitajia." Watu wakanitazama upya. Mmoja akauliza kama ni hivyo, nililinunua kwa nini?

Mdomo ulijibu peke yake. Nilisema nimelinunua ili kulitoa barabarani, lisije likamdhuru mtu.

Waliniamini. Mzee mmoja alinipa mkono.

Jumatatu, 15 Septemba

Aliyekuja kunivuta jana jioni ni Kaingu. Hakusema neno njia nzima. Leo nimekwenda gereji kwake.

Alitandika gunia akalala. Akatoka, akafungua kifuniko cha oili akanionyesha. Ndani kulikuwa na uji mweupe, kama uji wa mtoto. Maji na oili vimekutana. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba gasketi ya hedi imekwenda.

Nikajishika kiuno. Sita.

"Njoo ulale hapa," akasema.

Nililala. Suruali ya mapokezi, juu ya gunia la Kaingu. Mara yangu ya kwanza chini ya gari. Alimulika kwa tochi. Katikati ya gari, kutoka upande hadi upande, kulikuwa na mshono wa kuchomelea, mnene kama kovu la upasuaji. Mbele ya mshono rangi ya asili ilikuwa nyeupe. Nyuma yake ilikuwa kijani.

"Magari mawili," Kaingu akasema. "Yote mawili yaligongwa."

Nikaufuata mshono kwa kidole, kutoka upande hadi upande. Niliyatunga. Niliyatoa kwenye kurasa nne za stendi, nikachagua ya kutisha. Na bibi harusi alikuwa ameketi juu ya mshono ule, mkono wake wenye hina umeshika kiti changu.

Kaingu aliisoma karatasi ya Bwana Iddi mara mbili. Akakuna kichwa. Akasema yeye mwenyewe kuona mshono ule kumemchukua nusu saa, na kwamba Bi Twaiba amemwambia mimi niliuona nikiwa nimesimama, mikono nyuma. Aliniuliza niliuonaje.

Kulikuwa na njia mbili. Niseme nilidanganya, au niseme niliuona. Nikasema mtu akizoea, huona.

Aliitikia kwa kichwa, taratibu. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Kisha akauliza, bila hasira, "Sasa uliyajua yote haya, ukamtia bibi harusi wa watu ndani?"

Nikapangusa suruali. Akarudi kufunga spana zake. Hilo ndilo tatizo la Kaingu. Akisema, husema.

Jumatano, 17 Septemba

Jumwa amerudi leo badala ya kesho. Nilikuwa bado nimevaa kikoi, nikitafuta kwenye simu bei ya mabati.

Alisalimia. Akazunguka nyuma ya nyumba kumtazama kuku mmoja aliyekuwa akilia. Hakurudi. Nilipomfuata, nilimkuta ameketi juu ya jiwe pale ukutani, mkoba bado uko begani, akitazama nyasi zilizolala manjano mahali mabati yalipokuwa.

Nilimweleza kuhusu ishara ya thelathini. Sikufika mbali. Akaomba karatasi. Aliisoma kama anavyosoma madaftari ya watoto, kidole chini ya kila mstari.

"Baba Kadzo," akaniuliza, "haya uliyajua, au hukuyajua?"

Nikaona nikisema niliyajua, nimenunua ubovu kwa mabati yake nikiwa na macho mawili. Nikisema sikuyajua, nimemdanganya mjane. Nilitafuta njia ya tatu kwa muda. Haikuwepo. Nikamwambia kweli yote, hata ule mkate wa sinia.

"Kwa hivyo gari lilikuwa bovu," akasema. "Na wewe ulisema ni bovu. Na hukujua."

"Ndiyo."

"Ungeinama tu, mume wangu. Mara moja."

"Suruali ingechafuka."

Alinitazama. Nilingoja akasirike. Midomo ilimtetemeka, na nikaona ni kicheko na kilio vinagombania mlango mmoja. Hakuna kilichoshinda. Akasema bati la kwanza alilinunua siku binti yetu Kadzo alipofaulu mtihani, na kwamba kila moja analijua lilikotoka. Kisha akainuka akawapa kuku maji. Nimejisikia vibaya kuliko pale mlimani. Mlimani kulikuwa na mchanga.

Ijumaa, 19 Septemba

Jana Jumwa alikwenda Kwale mwenyewe, na karatasi mkobani. Sikuruhusiwa kufuatana naye.

Ameniambia Bwana Iddi alimpokea vizuri. Kisheria hana deni nasi, karatasi imekamilika, na yeye ndiye aliyeiandika. Lakini Jumwa hakuzungumza sheria. Alimuuliza tu kama kuku wake wanahitaji mabati thelathini. Mzee akatazama chini. Alikuwa ameshapigilia kumi na tisa. Kumi na moja yalikuwa bado chini, akampa, akamsindikiza mpaka barabarani akimwomba radhi.

Gari Kaingu atalikata. Vitu vichache vinavyofaa, viti, milango na taa moja, atavinunua yeye. Jumwa na Kaingu walikubaliana kwa simu dakika mbili. Mimi nilitaka kushiriki, wakaniomba nichote maji. Kiatu cha Biasha nacho kitalipwa humo humo, amesema Jumwa, na ndara za Bi Twaiba pia.

Jioni tulikwenda Gazi, mimi na yeye. Nilimwomba radhi Bi Twaiba uso kwa uso, nikamweleza kwamba siku ile nilimdanganya. Alishangaa sana. Akafikiri. Kisha akasema, "Lakini yalikuwa kweli." Nikamwambia ndiyo. "Basi ulinidanganya nini?" Jumwa akafunika uso kwa leso. Tumekunywa chai, na hakuna aliyeweza kulieleza.

Jumapili, 21 Septemba

Fundi wa paa alikuja jana. Theluthi ya jiko ina paa. Theluthi mbili zina mbingu, na Jumwa ameamua kwamba zamu ya kupika upande huo, vuli yote, ni yangu. Nimekubali. Mume mwema hukubali.

Nimekuwa na wasaa wa kufikiri. Watu wote, Jumwa, Kaingu, hata Karisa, wanasema kosa langu ni kutoinama. Wamekosea. Nimeipitia karatasi mara nyingi, na jambo liko wazi kama mchana. Gari lilikuwa zuri. Nililiona kwa macho yangu, jeupe, linang'aa. Nikasimama mbele yake nikalisema vibaya mara saba, na mara saba likawa hivyo nilivyosema. Mtu wa kawaida angeogopa. Mimi nimegundua kipaji. Shida haikuwa macho, ilikuwa ulimi. Niliutumia kinyume.

Kwa hivyo leo, Jumwa akiwa kanisani, nimekwenda Shimoni. Kuna Bwana Sharif wa Wasini anauza tuktuk. Aliiweka chini ya kibanda. Iliegemea upande mmoja, na chini yake kulikuwa na dimbwi la kitu cheusi. Akataka kunifunulia injini, nikamzuia. Akataka kuiwasha, nikamwambia hakuna haja. Nikasimama mbali, mikono nyuma, nikaanza kuisifu. Nikasifu breki. Nikasifu gia zote, moja moja. Nikasema injini hii ni changa, chesisi hii imenyooka, mwili huu haujapata kuonja chumvi. Nilisifu kwa saa nzima mpaka koo likakauka, nikaomba maji nikaendelea.

Bwana Sharif alinisikiliza akiwa ameduwaa. Nilipofika, bei yake ilikuwa ndogo, nusu ya kutupa. Nilipomaliza, aliizunguka tuktuk yake mara mbili, akaipangusa kioo kwa mkono wa kanzu, akaniambia bei imepanda maradufu.

Nimefurahi mpaka nikashtuka. Saa moja tu ya maneno, na imeshaanza kupona.

Kesho narudi kuisifu tena. Nimemwomba asiiuze.